Magnesiamu, zinki au kromiamu: kopo lipi lifae mwili uliogomea insulini

Kabla ya kuuliza bei ya kopo, toa kadi ya kliniki uangalie mambo mawili: kreatini ya mwisho ("creatinine", kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) ilikuwa ngapi, na dawa unazomeza kila siku ni zipi. Mama mwenye presha anayetumia dawa ya kukojoza anaweza kufaidika na magnesiamu. Jirani yake mwenye figo zilizochoka akimeza kopo hilohilo anaweza kuishia wodini. Kwa hiyo hapa tunaanza na mgonjwa, makopo yatafuata.

Mwili uliogomea insulini ni ule ambao kongosho linatoa insulini, ila misuli na ini vinaitikia kwa uvivu. Kongosho linaongeza, sukari inabaki karibu na kawaida kwa miaka, halafu kongosho linachoka na sukari inapanda. Dawa ya metformini, kutembea na kupunguza kiuno ndivyo vinavyoushughulikia ugomvi huo. Madini ni nyongeza, na nyongeza ina maana pale tu palipopungua kitu. Chama cha Kisukari cha Marekani hakishauri wagonjwa wa sukari wameze madini kwa ujumla wake bila kuonekana kwamba yamepungua, na hapo tunakubaliana nao.

Figo kwanza

Usiridhike kuambiwa "kreatini iko sawa". Kreatini ya mikromoli 110 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 ina maana figo zinachuja kama mililita 82 kwa dakika. Namba hiyohiyo kwa mama wa miaka 65 inashuka hadi kama 48. Karatasi ya majibu inaweza isiwe na alama yoyote kwa wote wawili. Mwombe daktari au mtu wa maabara akukokotolee kasi ya kuchuja, ile inayoandikwa eGFR. Anahitaji kreatini, umri na jinsia yako tu.

Ikiwa juu ya 60, endelea kusoma kwa amani. Kati ya 30 na 60, madini ya vidonge ni ya kuamuliwa na daktari, kwa dozi ndogo na vipimo vya kurudia. Chini ya 30, magnesiamu na potasiamu za vidonge usiguse, pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesiamu na chumvi ya Epsom. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada; zikishindwa inajaa kwenye damu, mtu analegea, anasinzia, presha inashuka, na mwisho mapigo ya moyo yanapungua mno.

Magnesiamu: ndiyo yenye hoja

Magnesiamu inahitajika pale insulini inapogonga mlango wa seli: kile kipokezi cha insulini hakifanyi kazi yake sawasawa bila madini haya. Ndipo mduara unapoanza. Sukari ikiwa juu, mkojo unakuwa mwingi na magnesiamu inatoka nayo. Ikipungua, seli zinazidi kugoma, sukari inazidi kupanda. Mexico walijaribu jambo hili wakachapisha mwaka 2003: wagonjwa 63 wa kisukari wenye magnesiamu pungufu kwenye damu, nusu wakapewa magnesiamu kloraidi kwa wiki 16, na hali yao ya insulini pamoja na sukari ikawa bora kuliko ya wenzao. Neno la kushika hapo ni *pungufu*. Kwa mtu ambaye magnesiamu yake imejaa, faida huwa ndogo au haionekani.

Nani ana uwezekano wa kupungukiwa? Mwenye sukari ya juu kwa muda mrefu. Mwenye presha anayemeza bendroflumethiazaidi, haidroklorothiazaidi au Lasix. Mwenye vidonda vya tumbo ambaye omeprazoli imekuwa chakula chake cha kila asubuhi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2011 kwamba dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, hushusha magnesiamu. Na mnywaji. Mbege, pombe ya ndizi, ina ulezi, na ulezi una magnesiamu nyingi, lakini pombe yenyewe huifukuza kupitia mkojo, kwa hiyo asijitetee nayo mtu.

Kipimo cha magnesiamu ya damu kipo, ingawa si kila maabara inakifanya. Ulizia kabla ya kwenda. Kawaida ni takriban 0.7 hadi 1.0 milimoli kwa lita. Ukiwa 0.6, umepungukiwa bila ubishi. Ukiwa 0.75, bado yawezekana umepungukiwa, kwa sababu iliyomo kwenye damu haifiki asilimia 1 ya magnesiamu yote ya mwili. Iliyobaki iko kwenye mifupa na ndani ya seli.

Sasa kopo. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Namba kubwa iliyoandikwa mbele huwa mara nyingi ni uzito wa mchanganyiko mzima, na magnesiamu halisi ni sehemu yake tu:

| Aina | Magnesiamu halisi katika mg 1,000 | Tumboni |
|---|---|---|
| Oksaidi | kama mg 600 | huingia mwilini kidogo, huharisha |
| Sitreti | kama mg 160 | huingia vizuri, hulainisha choo |
| Glisineti | kama mg 140 | pole kuliko zote |
| Kloraidi | kama mg 120 | huingia vizuri, ladha chungu |
| Salfeti (chumvi ya Epsom) | kama mg 100 | ni dawa ya kuharisha, iache |

Chukua kopo la glisineti ya mg 500, vidonge 60. Kila kidonge kina kama mg 70 halisi. Ukitaka mg 210 kwa siku unameza vitatu, kopo linaisha siku ya 20, na kwa wiki 12 unahitaji makopo matano. Oksaidi ya mg 400 ina kama mg 240 halisi kwa kidonge kimoja, makopo mawili ya vidonge 60 yanatosha kipindi chote, lakini sehemu kubwa unaipeleka chooni. Sitreti iko katikati, na kwa mfuko wa kawaida ndiyo tunayoichagua, isipokuwa kwa mtu ambaye metformini tayari inamsumbua tumbo, huyo glisineti. Baadhi ya makopo huandika uzito halisi moja kwa moja nyuma, pembeni ya neno "elemental". Ukiliona, hesabu hii haina kazi, soma namba hiyo.

Dozi: anza na mg 100 halisi baada ya chakula cha mchana kwa wiki moja, kisha mg 200 hadi 250 kwa siku, ukigawa mara mbili. Wazungu wa Ulaya waliweka kikomo cha nyongeza kuwa mg 250, Wamarekani 350. Kukaa kwenye 250 hakukupunguzii chochote. Choo kikiwa majimaji, rudi nusu. Kikiendelea siku mbili, acha kabisa, hasa kama unameza losartani au dawa ya kukojoza, maana kuharisha juu ya dawa hizo kunakausha mwili na kuumiza figo. Usianze magnesiamu ndani ya wiki mbili za kuanza au kuongezewa metformini. Zote mbili huharisha, na hutajua ipi ya kulaumu. Wengi hulaumu metformini, wakaacha dawa waliyokuwa wanaihitaji kweli.

Na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, ambavyo watu huviita "magnesium" tu? Ni magnesiamu trisiliketi. Vinatuliza asidi, lakini magnesiamu yake huingia mwilini kidogo sana, na vikitafunwa miaka na miaka vinaweza kutengeneza mawe ya silika kwenye figo. Si mbadala.

Upande wa pili wa mizani: sokoni

Kabla hujanunua makopo matano, pita soko la Kilombero pale Arusha au Mbuyuni pale Moshi. Kiganja cha mbegu za maboga zilizokaangwa bila mafuta, gramu 30 hivi, kina kama mg 150 za magnesiamu. Bakuli la mchicha uliopikwa, gramu 130, kama mg 70. Viwili hivyo vinafikia dozi ya vidonge. Kiganja cha karanga kina kama mg 50, parachichi la wastani karibu hivyohivyo. Unga wa dona una mara mbili hadi tatu ya ule wa sembe, kwa kuwa kiini na ganda havijatupwa.

Kasoro ya dona, maharage na ulezi ni faiteti, kitu kinachoyashika madini yasipenye, hasa zinki na chuma. Dawa yake wamama wanaijua bila kuipa jina: loweka maharage usiku kucha na umwage maji, chachusha uji wa ulezi siku moja au mbili. Pombe ya mwisho ya uchachushaji huo tumeshaisema.

Ila magadi yana kesi yake. Kwenye makande au kiburu (ndizi na maharage) yanaivisha haraka, lakini yamejaa sodiamu, na mwenye presha anayeacha chumvi mezani huku akitia magadi jikoni hajaacha kitu. Zaidi ya hapo, magadi ya kwetu huwa na floraidi, na upande wa Meru maji yenyewe ya visima na chemchemi nyingi tayari yanazidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mg 1.5 kwa lita. Figo dhaifu hutoa floraidi kwa shida. Maharage yaliyolowekwa saa 12 hayahitaji magadi.

Zinki: inafaa, kwa saa maalumu

Kongosho huhifadhi insulini ikiwa imefungwa pamoja na zinki, kwa hiyo uhusiano wake na sukari si wa kubuni. Majaribio yameonyesha sukari kushuka kidogo kwa baadhi ya watu. Shida ni kwamba zinki ina shimo upande wa pili: ukizidisha kwa miezi, inazuia shaba isiingie mwilini. Shaba ikipungua, damu inapungua na miguu inakufa ganzi. Fikiria mgonjwa wa kisukari ambaye miguu inaanza kufa ganzi: kila mtu atasema sukari imeharibu mishipa ya fahamu, ataongezewa dawa, naye ataendelea na mg 50 za zinki kila siku "za kuongeza kinga", kumbe kopo ndilo linalomuumiza. Akiulizwa dawa anazotumia, zinki haitaji, kwa sababu kichwani mwake si dawa.

Mahitaji ya siku ni mg 11 kwa mwanaume na 8 kwa mwanamke. Kikomo cha juu ni 40, chakula kikiwemo. Vile vidonge vya kuyeyusha wanavyopewa watoto wanaoharisha vina mg 20 za zinki halisi, na hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Kwa mtu mzima ambaye nyama na dagaa ni vya sikukuu, mg 20 kwa siku baada ya chakula kwa wiki 8, kisha kuacha, inatosha kabisa. Tumbo tupu litakupa kichefuchefu ndani ya nusu saa. Dagaa, nyama ya ng'ombe na mbegu zilezile za maboga hufanya kazi hii bila kuhesabu wiki.

Kromiamu: jina kubwa

Hili ndilo kopo linalouzwa kwa maneno mengi kuliko yote. Historia yake inaanzia 1959, watafiti walipoona kitu kwenye hamira ya bia kilichosaidia panya kutumia sukari, wakadhani ni kromiamu. Tangu hapo majaribio yametumia mikrogramu 200 hadi 1,000 kwa siku, na matokeo yanapishana: haya yanasema imeshuka kidogo, yale yanasema hakuna. Mwaka 2014 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha hata kwamba mwili unaihitaji. Wamarekani waliruhusu mwaka 2005 kopo liandikwe kuhusu kromiamu pikolineti na mwili kugomea insulini, kwa sharti la kuongeza kwamba uhusiano huo una mashaka makubwa. Angalia kama kopo lililo mkononi mwako limeitunza sentensi hiyo.

Ikiwa lazima uijaribu, mikrogramu 200, miezi mitatu, basi. Wapo walioripotiwa kuumia figo na ini kwa dozi za 600 na kuendelea. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, apime sukari zaidi wiki za mwanzo, isije ikashuka chini ya milimoli 4 kwa lita. Tukiambiwa tuchague kati ya kopo la kromiamu na kisanduku cha vijiti vya glukometa, tunachukua vijiti.

Yasiyoingia kwenye mashindano

Seleniamu: Marekani waliwapa watu mikrogramu 200 kwa miaka, na ripoti ya 2007 ikaonyesha waliopewa ndio waliopata kisukari zaidi. Vanadiamu: dozi zilizojaribiwa kwa sukari ni mara nyingi ya kikomo cha mg 1.8, na inasumbua tumbo na figo. Chuma: ukiwa nacho kingi mwilini, kinazidisha ugomvi na insulini, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu ni vya mtu aliyepimwa damu ikaonekana pungufu.

Potasiamu inahitaji sentensi chache zaidi. Dawa za kukojoza huishusha, na ikishuka kongosho linatoa insulini kidogo, ndiyo sababu mojawapo ya sukari kupanda kwa watumiaji wa haidroklorothiazaidi. Lakini losartani, enalaprili na spironolaktoni huipandisha, na wengi wanameza kundi hili pamoja na lile, hivyo kidonge cha potasiamu bila kipimo ni kamari. Ndizi na parachichi zinatosha, ingawa bakuli la mtori bado ni wanga na lihesabiwe hivyo.

Vipi zile kapsuli za "kushusha sukari" zenye kila kitu ndani: kromiamu, zinki, mdalasini, majani yasiyotajwa? Hazilinganishiki, kwa sababu hujui kipi kimefanya nini. Na sukari ikishuka kwa kasi ndani ya siku tatu, jasho na kutetemeka vikafuata, shuku kwamba ndani mna dawa ya hospitali iliyofichwa; duniani kapsuli kama hizo zimekamatwa zikiwa na glibenklamidi. Peleka kopo kwa daktari pamoja na mgonjwa.

Kwa wenye kliniki mbili

Wanaotumia TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani, wana jambo lao. Magnesiamu, zinki, chuma na kalsiamu hunasa dolutegraviri tumboni na kuizuia isiingie mwilini. Kanuni ni TLD saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake. Anayemeza TLD saa 3 usiku, magnesiamu yake iwe ya asubuhi na mchana. Anayemeza saa 1 asubuhi, ameze madini mchana au jioni. Aliye kwenye rifampisini kwa ajili ya TB hupewa dolutegraviri mara mbili, tuseme saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Nafasi yake ya madini ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana tu, kwa hiyo dozi moja ya mchana. Hapohapo aulize kuhusu metformini: dolutegraviri huipandisha kwenye damu, na kawaida haivuki mg 1,000 kwa siku. Mwambie wa CTC (kliniki ya VVU) kuhusu sukari, na wa kliniki ya sukari kuhusu CTC. Mafaili hayaongei yenyewe.

Siprofloksasini, doksisaiklini na levofloksasini ya TB sugu hunaswa vilevile. Zimezwe saa mbili kabla ya madini. Dawa ya tezi, levothairoksini, iachane nayo kwa saa nne.

Jaribio la wiki 12

Chagua aina moja tu ya madini, usichanganye. Kabla ya kuanza andika sukari ya asubuhi tatu kabla ya kula, presha, uzito na mzunguko wa kiuno, na upime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Usibadilishe chakula wiki hiyohiyo. Wiki ya 6, pima asubuhi tatu tena; kama unatumia magnesiamu na eGFR yako iko chini ya 60, rudia kreatini na magnesiamu ya damu pia. Wiki ya 12, rudia vyote. HbA1c husoma miezi mitatu ya maisha ya chembe nyekundu, kwa hiyo kuipima wiki ya 4 ni kutupa hela. Mwenye selimundu asiitegemee, na mwenye upungufu wa chuma ajue kwamba inaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Hao waangalie glukometa.

Sukari ya asubuhi ikitoka 8.4 ikafika 7.9, na kiuno kimepungua sentimita nne kwa sababu ulianza kutembea kutoka nyumbani hadi stendi, kopo lisidai sifa hizo. Acha vidonge wiki nne, endelea kutembea, upime tena. Ikibaki 7.9, makopo yaliyobaki hayana haja ya kununuliwa.